Geji Kwenye Pikapu ya Fundi Sikio

Baba yangu alijulikana mtaa mzima kama Fundi Sikio, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja. Gari lilikuwa likikata kona kuingia kwetu, yeye yuko chini ya gari lingine, miguu tu ndiyo inaonekana, na hukohuko chini utamsikia anasema, "Huyo anayekuja, plagi yake moja imekufa." Mwenye gari akifungua boneti, anaikuta kweli imekufa. Mafundi wengine walikuwa na vitabu na mashine. Baba alikuwa na bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Ncha aliigusisha kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho kama mtu anayenong'onezwa siri. Akiyafumbua, anakwambia gari lako linaumwa nini.

Mimi ni binti yake wa pekee, na ufundi wake niliurithi kwa upande. Ninafanya kazi hospitalini, katika mji mwingine, kama fundi wa vipimo: mashine za kupimia presha, geji za mitungi ya oksijeni, mizani ya watoto wachanga. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba mshale ukisema kumi na nane, basi ni kumi na nane kweli. Baba alinitania siku zote. "Wewe unatibu saa," alikuwa akisema, "mimi natibu wagonjwa."

Mwaka huo nilichukua likizo ya wiki mbili kwa sababu ya simu ya mama.

"Baba yako ananijibu nisiyomuuliza," alisema. "Jana nimemuuliza kama amekula, ananiambia atakuja Jumapili."

Nilicheka. Mama hakucheka.

"Amekwenda hospitali?" nikauliza.

"Nani amwambie? Mimi nikimwambia hanisikii. Njoo umwambie wewe."

Nilipofika nilikuta redio inalia mpaka ukuta wa jirani unatetemeka, na baba amekaa mbele yake ametulia tuli. Alinikumbatia, akanikalisha, akaniuliza habari za kazi. Nikaona jambo moja. Nilipokuwa nikizungumza, hakuwa ananitazama machoni. Alikuwa ananitazama mdomo.

Gereji yake ilikuwa uani, nyuma ya nyumba: paa la mabati juu ya nguzo sita, sakafu ya saruji iliyokunywa oili ya miaka mingi, meza ndefu ya mbao yenye jiliwa la kubania vyuma. Zamani ua huo ulijaa magari mpaka mama akakosa pa kuanika nguo. Safari hii nilikuta gari moja tu la mteja, majani yameota katikati ya magurudumu yake, na pikapu ya baba mwenyewe.

Pikapu hiyo ni mkubwa wangu kwa miaka mingi. Ina kiti kimoja kirefu cha kukaa watu watatu, gia yake iko kwenye usukani, na dashibodi yake ni ya bati tupu lililopakwa rangi ileile ya mwili wa gari. Kwenye dashibodi hiyo kuna geji ya mwendo, ya mafuta na ya joto, halafu pembeni kuna tundu la duara lililozibwa kwa kifuniko. Baba alituambia kuwa tundu hilo lilikuwa la saa, na kwamba aliyelinunua gari likiwa jipya hakutaka kujua muda. Waipa zake nazo haziendeshwi kwa umeme. Zinavutwa na hewa ya injini kupitia mpira mwembamba, na ukikanyaga mafuta sana mvuto huo hupungua. Kwa hiyo mvua ikitukuta mlimani, waipa ziligoma katikati ya kioo, na baba alilazimika kuachia mafuta kidogo ili zifute mara moja tuone njia, kisha akanyage tena. Tulipanda milima hivyo utotoni mwangu, tukiona na kutoona, na mama akisema dua za kila aina.

Siku ya tatu ya likizo baba alinipakia twende madukani. Tulisimama njia panda kusubiri malori yapite, na hapo, gari likiwa limesimama na injini inaunguruma polepole, nikasikia nyuma kwenye eksozi: pu... pu... pu... Kila baada ya mapigo machache, pumzi moja inatoroka. Pamoja nayo kulikuwa na mtikiso mdogo chini ya miguu.

"Baba," nikamwambia nikiwa nimemgeukia, "injini inakosa pigo."

"Raba zinazoishikilia zimechoka," akajibu. "Nitazibadilisha."

Mtikiso aliusikia mwilini. Mlio hakuusikia. Nilimtazama usoni, na uso wake ulikuwa na amani kamili, uso wa mtu ambaye gari lake ni zima. Mtu huyu ambaye zamani angesimamisha gari, ashuke, afungue boneti katikati ya barabara kwa ajili ya mlio mdogo kuliko huo! Nikageukia dirisha upande wa pili ili asinione.

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Nilijaribu siku ile jioni, na asubuhi yake, nikashindwa. Utamwambiaje Fundi Sikio kwamba sikio limekwenda? Badala yake nikaenda duka la vipuri, nikarudi na boksi dogo, nikaliweka mezani pake kando ya jiliwa.

Alilifungua. "Hii nini?"

"Geji ya vakyumu. Inaonyesha injini inavuta hewa kwa nguvu kiasi gani. Itakusaidia kubana mafuta." Huo ulikuwa uongo, au tuseme nusu ya ukweli. Injini ni kama pampu: ikiwa nzima, inavuta hewa sawasawa na mshale unatulia. Ikiwa na kasoro, mshale unakushtakia. Nilichotaka ni baba apate kuona kwa macho kile ambacho masikio yalikuwa yanamnyima.

"Najua ni geji ya vakyumu. Nilikuwa nafunga hizi kabla mama yako hajanijua. Nauliza, kwangu mimi ni ya nini?" Akaigeuzageuza. "Injini hii naifahamu kuliko ninavyojifahamu."

"Ni zawadi, Baba."

Mama, aliyekuwa kwenye mlango wa jikoni, akaita, "Mwache mtoto afanye! Amekuja kupumzika, hakuja kubishana!"

Baba hakugeuka. Mama akanitazama, halafu akatazama chini, akarudi ndani.

Baba alikifuta kioo cha geji kwa upindo wa shati lake, ingawa kilikuwa kipya na safi. Hapo nikajua nimeshinda. Hakuna fundi anayeweza kukirudisha kwenye boksi kitu kizuri ambacho hakijafungwa.

"Haya, funga," akasema. "Lakini dashibodi yangu hutoboi."

"Sitoboi. Nitatumia tundu la saa."

Tundu lilikuwa dogo kidogo kuliko geji, tofauti ya unene wa ukucha. Nikabandika utepe wa karatasi wenye gundi kuzunguka ukingo ili rangi isichubuke, nikatandika kitambaa chini kukinga chenga za bati, nikachukua tupa ya mgongo wa duara nikaanza. Baba alisimama mlangoni mwa gari, mikono nyuma, akivumilia. Hakuvumilia sana.

"Unakwaruza kama panya," akasema. "Lete."

Akaingia, akaketi, akaishika tupa kwa mikono miwili. Alisukuma mbele kwa mkono mrefu, akainyanyua, akairudisha, akasukuma tena, bila haraka, akizunguka ukingo wote ili tundu lisipinde. Kila baada ya misukumo michache alipitisha kidole. Akajaribu geji, ikakataa. Akasukuma mara nne zaidi. Akajaribu tena, ikaingia kwa kubanwa kidogo tu, kama kizibo cha chupa. Mikono yake haikuwa imepoteza chochote.

Kilichobaki tulikifanya pamoja. Nililala chini ya dashibodi, nikautafuta mpira wa waipa pale unapotokea upande wa injini, nikaukata, nikaunganisha kwa kiungio chenye midomo mitatu: mmoja wa injini, mmoja wa waipa, mmoja wa geji. Baba alinipa klipu moja moja na kunihimiza nizikaze, maana hewa ikivuja pale, mshale utasema uongo na injini yenyewe itaumwa. Waya wa kitaa cha geji tukauunga kwenye waya wa taa za dashibodi. Alifurahi. Alipiga hadithi za magari ya zamani, nami nilikuwa nikicheka huku nimelala chali, na kwa muda kama wa saa moja nilisahau kwa nini tunafanya kazi hiyo.

Kisha akawasha.

Mshale ukapanda mpaka kumi na nane. Ukashuka ghafla mpaka kumi na nne. Ukarudi kumi na nane. Ukashuka tena. Mshale wa injini nzima hutulia kama mtu aliyelala usingizi. Huu ulikuwa unashtuka, kwa mpango uleule, bila kukosea, na kila uliposhtuka nilisikia nyuma: pu.

"Mbovu hii," baba akasema. "Wamekuuzia takataka."

"Nimeipima kabla sijakupa."

"Umeipima kwa kifaa gani?"

Nikaenda chumbani, nikaleta begi langu la kazi, ambalo ninasafiri nalo kila mahali. Nikatoa pampu ya mkono na geji ninayoiamini, ile tunayosahihishia nyingine zote hospitalini. Nikaziunganisha pamoja mbele ya macho yake. Nikavuta: kumi, kumi. Nikavuta: ishirini, ishirini.

"Basi umefunga vibaya," Baba akasema, na akaingia yeye mwenyewe chini ya dashibodi, akafungua klipu zote, akazikaza upya moja baada ya nyingine. Akawasha tena. Kumi na nane, kumi na nne. Kumi na nane, kumi na nne. Akakanyaga mafuta, na mshale ukashtuka kwa kasi zaidi.

"Valvu," akasema. Hakuwa anasema nami. "Valvu moja haifungi."

Akashuka. Akaichukua bisibisi yake ya mpini wa mbao, akafungua boneti, akaigusisha ncha kwenye injini, akauweka mpini sikioni, akafumba macho. Akahamisha. Akahamisha tena. Alipofika mwisho, akabadilisha sikio, akaanza upya. Aliubana mpini mpaka sikio likaiva wekundu. Nilisimama hatua mbili tu kutoka alipo, na mlio ule niliusikia bila kugusa kitu chochote.

Akafumbua macho akanitazama. "Wewe unasikia?"

"Nasikia, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile njia panda."

"Unaliaje?"

Nikamwigizia. "Pu. Pu. Pu. Nyuma, kwenye eksozi."

Akazunguka mpaka nyuma ya pikapu, akainama, akakinga kiganja mdomoni mwa eksozi. Alikaa hivyo muda mrefu, moshi unampiga, akihesabu kwa ngozi ya mkono kile ambacho zamani angekihesabu akiwa upande wa pili wa barabara. Kisha akaja akazima injini, akaingia ndani, na siku hiyo hakurudi tena uani.

Asubuhi yake tulifungua kichwa cha injini. Hakuniambia nisaidie, wala hakunikataza. Tulifungua nati moja moja, tukizipanga kwenye sinia la bati kwa mpangilio wa zilikotoka. Valvu tuliyoitafuta, kizibo cha chuma kinachofunga njia ya moshi, ilikuwa ya silinda ya tatu. Ukingo wake ulikuwa umeungua na kumeguka kipande, kama biskuti iliyong'atwa. Baba akaishika kwenye mwanga, akaigeuza, akaketi juu ya kreti.

"Mlio wa kitu hiki," akasema, "ningeusikia nikiwa kitandani."

Nikachuchumaa mbele yake ili anione. "Makelele ya miaka yote hii, Baba. Nyundo, mashine ya kusaga vyuma, injini bila eksozi. Sikio la mtu yeyote lingechoka. Kuna vifaa siku hizi, twende tu..."

Aliinua mkono. "Yule dereva wa mikate aliniambia kuna mlio."

Kisa cha dereva wa mikate nilikuwa nakijua, au nilidhani nakijua. Miaka miwili kabla ya hapo, gari la kiwanda cha mikate lililokuwa likitengenezwa kwa baba lilifia barabarani, injini imekwama kabisa, mikate imejaa nyuma. Baba alituhadithia mezani kwamba dereva alikuwa anauza oili ya gari kidogo kidogo mpaka likabaki kavu. Dereva akafukuzwa. Sisi tulisikitika kidogo, tukasema watu wengine bwana, tukaendelea kula.

"Alikuja mara mbili," baba akasema. "Mara ya kwanza aliniambia kuna mlio chini. Nikasikiliza, nikamwambia hakuna kitu. Mara ya pili aliniigizia kwa mdomo, kama ulivyofanya wewe jana. Ka-ka-ka-ka. Nikaweka bisibisi. Kimya. Nikamwambia, bwana mdogo, unaota, endesha. Wiki haikuisha, injini ikafa. Mwenye kiwanda akaja kuniuliza sababu. Nikasema haikuwa na oili."

"Na kweli haikuwa nayo?"

"Sikuangalia."

Niliitazama ile valvu mkononi mwake.

"Sikuangalia," akarudia, "kwa sababu kama kungekuwa na mlio, mimi ningeusikia. Si ndiyo jina langu?"

"Hukujua, Baba."

"Nilijua. Simu ilikuwa inalia mfukoni mwangu na watu wananiambia pokea. Mama yako alikuwa ananiita mara tatu. Nilijua, ila sikutaka kujua. Sasa hapo katikati ya kujua na kutotaka, ndipo nilipomsukumia yule kijana."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na bakuli la mchele mkononi. Sijui alianza kusikia wapi. Aliliweka bakuli juu ya meza ya gereji, kitu ambacho hajawahi kufanya maishani mwake, akaingia ndani, akarudi na shati safi la baba. Akasimama mbele yake, akasema polepole, akiitamka kila silabi:

"Nenda kwake leo. Kesho utapata sababu."

Pikapu ilikuwa imefunguliwa vipande, kwa hiyo tulikwenda kwa miguu. Mziba pancha wa kwenye kona, ambaye huwajua madereva wote, ndiye aliyetuelekeza. Alisema kijana sasa ni mlinzi wa ghala, anafanya zamu za usiku, mchana utamkuta kwake.

Kwake kulikuwa na vyumba sita vilivyopangana kuzunguka ua mmoja wa saruji, kila mlango na pazia lake. Mwanamke aliyekuwa akifua katikati ya ua alitupokea vizuri, akatuuliza tunamtafuta nani, na nilipomwambia, akaita, "Baba Pacha, una wageni!" Akatoka mwanamume wa miaka kama thelathini na tano, amevaa fulana, macho bado yana usingizi. Alipomwona baba, usingizi ukaisha.

"Unanikumbuka?" baba akauliza.

"Nitakusahau vipi?"

Alilisema hilo chini chini, na baba akanigeukia. Nikamrudia: "Anasema atakusahau vipi."

Kijana akanitazama mimi, akamtazama baba, akanitazama tena. "Mzee hasikii?"

"Hasikii vizuri," nikasema.

"Tangu lini?"

Safari hii baba hakunisubiri. Midomo alikuwa ameisoma mwenyewe. "Tangu kabla hujaniletea lile gari," akasema.

Yule dereva aliketi kwenye kizingiti cha mlango wake, taratibu. Mkewe, yule aliyekuwa akifua, aliacha kukamua nguo. Ilibaki mikononi mwake imesokotwa nusu, maji yanamdondokea miguuni.

Baba hakukaa ingawa aliletewa kigoda. Alisema yote akiwa wima, na alisema kwa sauti kubwa, maana watu wasiosikia hawajui sauti yao inafika wapi. Mapazia ya vyumba vingine yalianza kusogea. Alisema kwamba gari lilikuwa na mlio na yeye hakuusikia. Alisema hakupima oili, wala siku ile wala baadaye, na maneno aliyompa mwenye kiwanda aliyatunga pale pale.

"Nilikuigizia kwa mdomo, mzee," dereva akasema.

"Uliniigizia."

"Ukaniambia naota."

"Nilikuambia hivyo."

"Mbele ya utingo wangu."

"Mbele yake."

Mkewe akauliza kitu kimoja tu, na alimwuliza mumewe, hakumwuliza baba. "Kwa hiyo oili ilikuwepo?"

"Mke wangu, mara ngapi nimekwambia?"

Yule mama aliirudisha nguo kwenye beseni.

Dereva akainuka, akaingia ndani, akatoka na daftari la shule na kalamu. Akachana karatasi ya katikati. "Andika," akamwambia baba. "Yote uliyoyasema. Na jina lako la kwenye kitambulisho, si hilo Sikio."

Baba akaandika akiwa ameegemea ukuta, kwa herufi kubwa kubwa za mtu aliyezoea kuandika kwenye maboksi ya vipuri. Ilichukua muda. Alipomaliza, dereva aliipokea, akasimama katikati ya ua na akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, akiwa ameelekea kwenye yale mapazia. Baba alisimama kando anamtazama mdomo. Sikumtafsiria. Alikuwa anajua kilichoandikwa.

"Andika nyingine," dereva akasema alipomaliza. "Ya kiwandani."

Baba akaandika nyingine.

"Leo sina la kukwambia, mzee," dereva akasema akiikunja ile ya kwanza ndogo ndogo. "Usingoje nikwambie nimekusamehe. Labda siku nyingine, labda hakuna siku."

"Sikuja kudai," baba akajibu.

Tukaaga. Kijana alitusindikiza hatua chache kwa sababu hata hasira haikumfanya asahau adabu, kisha akageuka kurudi. Na alipokuwa ametupa mgongo, akasema, bila kupaza sauti, "Mama yangu amekufa akiamini niliuza oili."

Nilisikia. Baba alikuwa ameshatangulia mbele.

Tulitembea mpaka barabara kubwa. Jua lilikuwa kali na malori yalikuwa yanapita karibu sana. Baba akanishika mkono wa shati. "Mwishoni alisema kitu. Nimeona ulivyoshtuka. Alisema nini?"

Ningeweza kumwambia alituaga tu. Wiki nzima nilikuwa nimezoea kumchagulia la kusikia, na uongo wangu wa kwanza ndio ulioanzisha yote haya. Nikamvuta pembeni kwenye baraza ya duka lililofungwa, nikamgeukia, nikamwambia kama lilivyosemwa.

Aliutazama mdomo wangu hata baada ya mimi kuufunga.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

Kesho yake alikwenda kiwandani peke yake na ile barua ya pili. Hakutaka nimfuate. Mwenye kiwanda aliisoma, akakasirika kwa kadiri mtu anavyokasirika juu ya jambo la miaka miwili, akasema nafasi ile ina mtu tayari. Lakini wenye magari walipomwuliza baadaye habari za yule kijana, hakusema tena yale aliyokuwa akiyasema. Mama aliniambia kwa simu, miezi mitano baada ya mimi kurudi kazini, kwamba kijana amepata gari la kubeba vinywaji na anaendesha. Kwetu hajawahi kufika. Wakikutana njiani na baba wanasalimiana, kijana akianza, kwa sababu ndiye mdogo, na hawasimami.

Baba nilimpeleka kupimwa kabla likizo haijaisha. Kifaa walichompa kinamsaidia kusikia watu wakiwa karibu. Mlio wa injini kinamletea kama mchanga unaomwagwa kwenye bati, kwa hiyo akiwa kazini anakivua na kukiweka mfukoni.

Gereji hakuifunga. Nilipokwenda safari iliyofuata nilimkuta na gari la mwalimu mmoja wa kike, na mwalimu huyo amesimama kando ya boneti amejaa aibu.

"Mimi sisikii," baba alikuwa anamwambia. "Wewe ndiye unaliendesha, wewe ndiye unasikia. Niigizie linavyolia."

"Mbele za watu hivi, Fundi?"

"Mbele za watu hivihivi."

Mwalimu akatazama huku na huku, akakohoa, akaanza kuunguruma. Wapita njia wawili wakasimama kucheka. Baba hakucheka. Aliweka viganja vyote viwili juu ya injini, akaukazia macho mdomo wa yule mama, na mwalimu alipomaliza, baba akamwomba arudie, polepole zaidi.